Usiku wa Hidaya: ufunguo uko kwenye droo, afisa yuko Dodoma, mlinzi ndiye kabaki kuamua

Kisa hiki cha usiku wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, nawaandikia wenzangu wa usalama na dharura kwenye taasisi za serikali huku kusini, hasa vile vitengo vidogo vya afisa mmoja, msaidizi wake na walinzi wa mkataba, maana ofisi nyingi ndivyo zilivyo. Mji sitautaja, ni wa pwani mkoa wa Lindi, inatosha. Taasisi nayo siitaji, vyeo nimevibadilisha kidogo, na watu nimewaachia herufi tu. Nilikuwa mmoja wa watu watatu tulioombwa kupitia tukio zima baada ya hali kutulia, nikakaa na walinzi mara mbili na nikasoma daftari la matukio ukurasa kwa ukurasa.

Ofisi ilivyokuwa

Jengo ni la ghorofa moja, watumishi kama sitini hivi, liko kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mikoko. Mbele kuna barabara na geti kubwa. Nyuma, chini kabisa ya kiwanja, kuna jenereta, stoo, na masijala ya zamani yenye mafaili ya miaka mingi. Ukuta unazunguka kote, na nyuma kuna geti dogo la chuma linalotokea kwenye njia ya kwenda kwa majirani wa bondeni.

Kitengo cha usalama kwenye karatasi kina kazi nyingi: ulinzi wa mali na nyaraka, vitambulisho, kamera, kukagua mitungi ya kuzimia moto, kufundisha watumishi kujiokoa, kuwasiliana na polisi na Zimamoto, kuandika taarifa ya kila tukio. Kiuhalisia kazi iliyokuwa inafanyika kila siku ni moja, geti. Nani kaingia, nani katoka, kabeba nini.

Na kuna sababu yake, siwalaumu. Mpango wa dharura wa ofisi ile uliandikwa baada ya 2013. Mnaokumbuka mnajua, Januari mwaka ule vurugu za Masasi, Mei vurugu za Mtwara mjini, kipindi kile cha sakata la gesi, mali za umma zikachomwa. Aliyekaa kuandika mpango baada ya hapo alikuwa na picha moja kichwani: kundi la watu wenye hasira nje ya geti. Kwa hiyo geti la nyuma likapigwa kufuli moja kwa moja. Ukuta wa nyuma ulikuwa na matundu manne chini ya kupitishia maji ya mvua, yakazibwa kwa zege kwa sababu kibaka mwembamba angeweza kupenya. Likaandikwa agizo kwamba asiye mtumishi asiingie baada ya saa 12 jioni bila kibali cha afisa usalama. Mpango una kurasa thelathini na kitu, moto umepewa ukurasa mmoja, na upepo, mvua au maji hamna hata mstari.

Ongeza na hili. Ukanda wetu hauzoei vimbunga, Lindi iko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta na vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Aprili 2019 ikatangazwa Kenneth, Mtwara shule zikafungwa, watu wakaambiwa wajihadhari, kikapita upande wa pili wa mpaka kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 ikatangazwa Jobo, kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Kwa hiyo 2024 watu wa ofisi ile walikuwa na neno moja, "hivi huwa vinatangazwa tu". Aliyekuwa na wasiwasi wa kweli ni mama mmoja wa usafi, ambaye mama yake alimsimulia kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, lakini nani wa kumsikiliza mama wa usafi kwenye kikao.

Ijumaa tarehe 3 Mei 2024

Hadi Ijumaa asubuhi Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa imeshatoa taarifa ya kimbunga Hidaya. Msaidizi wa usalama, nitamwita S, aliipata kwenye grupu la WhatsApp kama saa 4. Bosi wake, afisa usalama mwenyewe, alikuwa Dodoma kwenye mafunzo tangu Jumatatu. Hakukuwa na barua ya kumkaimisha S. Hili naomba mlikumbuke, maana ndipo kila kitu kinapoanzia.

S akaenda kwa mkuu wa ofisi, akaambiwa yuko kikaoni, akasubiri. Kikao kikaisha saa 9 alasiri. Wakaamua watumishi waende nyumbani mapema kabla giza halijaingia, Jumamosi asije mtu isipokuwa walinzi, magari yasogezwe juu upande wa mbele, na madirisha yote yafungwe. Maamuzi mazuri haya, nasema kwa dhati, na yalitekelezwa ndani ya saa moja na nusu.

Yaliyobaki hayakufanyika. Mafaili ya masijala ya chini hayakuguswa kwa sababu S alijua kuyahamisha kunahitaji idhini ya mkuu wa masijala, naye alikuwa ameshaondoka kwenda msibani. Jenereta halikuwashwa kujaribiwa. Walinzi hawakupewa vocha, chakula wala makoti ya mvua, kwa sababu hayo ni ya kampuni yao kwa mujibu wa mkataba. S alituambia, "Mimi niliogopa kuonekana najipa cheo." Namwelewa kabisa. Kijana wa watu ana miaka minne kazini, anajua ukisogeza faili bila saini ukapotea ukurasa mmoja ni kesi yako, ila faili likiloa na mvua ni kazi ya Mungu.

Usiku wa Jumamosi

Mvua ilianza asubuhi. Saa 12 jioni wakapokea lindo watu wawili, mmoja mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, K, na kijana, B. Saa 1 usiku umeme ukakata. Jenereta likawaka, likanguruma kama dakika ishirini likazima, maji yalikuwa yameshafika kwenye msingi wake. Kuanzia saa 3 simu zikawa hazishiki mtandao, ujumbe unazunguka tu hauendi.

Saa 4 usiku geti la mbele likaanza kugongwa. Ni majirani wa bondeni, wengi wanawake na watoto, nyumba zimeingia maji. K akampigia afisa Dodoma, haiiti. Akampigia S, haiiti. Agizo liko ukutani kwenye kibanda cha walinzi, limepigwa laminesheni kabisa, hakuna asiye mtumishi baada ya saa 12.

Akafungua.

Alivyofungua ndiyo nataka tuitazame kwa karibu. Hakufungua geti likabaki wazi. Alisimama kwenye kile kimlango kidogo, B akashika tochi, kila anayeingia anataja jina lake, la kaya yake na idadi ya watoto, K anaandika kwenye daftari la wageni akiwa ameliingiza ndani ya kiroba cha sukari ili lisiloe, mkono umo ndani ya kiroba anaandika kwa kupapasa. Mwandiko nimeuona, mistari imepanda na kushuka lakini majina yanasomeka yote. Watu 43, kati yao watoto 26. Akawaweka kwenye ukumbi wa kusubiria wateja, ambao ndio pekee alikuwa na ufunguo wake, wanaume wakakaa upande wa mlangoni, akina mama na watoto ndani. B akawekwa kwenye korido inayoenda maofisini. Mpaka asubuhi hakuna aliyevuka.

Kama saa 6 maji ya kiwanja cha nyuma yakaanza kupanda kwa kasi. Mvua yote ya mteremko inaingia juu, chini matundu yamezibwa, ukuta umegeuka beseni. Masijala ikaingia maji. K akamulika ukuta akaona umeanza kulala kidogo kwa nje, na akajua ukianguka wote kwa mkupuo, maji yale yanashuka bondeni kama yamemwagwa na ndoo. Njia ilikuwa moja, kulifungua geti la nyuma ili maji yatoke taratibu. Ufunguo? Uko kwenye droo ya afisa, ofisi imefungwa, na ufunguo wa ofisi ameondoka nao Dodoma.

Akaamua kuvunja kufuli. Lakini kabla ya kuvunja akarudi ukumbini na daftari, akasoma jina moja moja akiuliza, "Kwenu kabaki nani?" Kaya ya kumi na moja au kumi na mbili hivi dada mmoja akasema bibi jirani yao anaishi na mjukuu, hajawaona. Vijana wawili wakatoka kwa barabara ya juu, wakamkuta bibi kakaa juu ya meza kamkumbatia mtoto, wakambeba. K alimpokea getini, "Shikamoo bibi, pole, ingia ndani," kisha akaandika 44, 45. Hapo ndipo B na kijana mmoja wa majirani wakaenda na nondo, saa 7 na dakika kumi kwa mujibu wa daftari, kufuli likavunjika, geti likafunguka na maji yakaanza kushuka.

Usiku uleule TMA ikatangaza Hidaya imepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu pale Mafia. Tangazo lilikuwa sahihi kabisa, ila upepo ukifa mvua yake inaendelea, na K alikuwa kwenye maji hadi magotini wakati nchi nzima inapumua.

Lindo la asubuhi halikuweza kufika, barabara ya kwao ilikuwa chini ya maji. K na B walikaa kazini kuanzia saa 12 jioni Jumamosi hadi saa 8 mchana Jumapili, masaa ishirini, chakula chao kikiwa mihogo waliyogawiwa na majirani.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Hakuna kilichoibiwa, hata kalamu. Ukuta ulisimama. Jenereta liliharibika, na mafaili ya rafu mbili za chini yaliloa, yakaanikwa kwenye mikeka wiki kadhaa watumishi wakipokezana kuyageuza kama wanaanika udaga. Mengine wino ulishayeyuka.

Watumishi wenyewe je, walifika salama? Ilijulikana Jumatatu. Orodha ya namba za simu ilikuwa kwenye simu ya S, na simu ya S iliisha chaji Jumamosi saa 2 usiku. Zaidi ya siku nzima hakuna mtu ofisini aliyeweza kusema watu wetu sitini wako wapi.

Afisa usalama naye barabara ya Dar hadi Lindi ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, ikabidi azunguke Iringa, Songea, Tunduru, Masasi. Kabla hajafika, barua ilikuwa imeshatoka. K alipewa barua ya kujieleza kupitia kampuni yake ndani ya siku tatu, kwa kosa la kuingiza watu wasioruhusiwa na kuharibu mali ya serikali, yaani kufuli.

Niliisoma ile barua nikasikia uchungu. Jibu lake lilikuwa mistari mitano kwa mkono. Mstari wa mwisho: "Walioingia wote nimewaandika, daftari lipo." Barua ilifutwa baadaye kwa maandishi, na mkuu wa ofisi alimwita K mbele ya watumishi akamwambia samahani. Hilo nampongeza mkuu, si wengi wanaoweza.

Tuliona nini

Kwanza niseme kilichofanya kazi. Kuwarudisha watu nyumbani kukiwa bado na mwanga kuliondoa nusu ya matatizo. Kusogeza magari vilevile. Na daftari. Wengi tunaliona daftari la walinzi kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi, ila usiku ule ndilo lililomwokoa bibi, na wiki iliyofuata ndilo lililomwokoa K. Bila orodha asingejua nani kabaki, angevunja kufuli na maji yangemkuta bibi mezani.

Kilichoharibika zaidi ni mamlaka. Ofisi ilikuwa na mtu mmoja tu wa kusema "ndiyo", na mtu huyo anaruhusiwa kusafiri, kuugua, kuzima simu, kama binadamu yeyote. Hakuna aliyekaimu. S alikuwa na taarifa tangu saa 4 asubuhi akakosa nguvu, usiku K akapata nguvu kwa kujichukulia mwenyewe. Mimi na wenzangu wawili kwenye timu tulibishana hapa. Mmoja alisema tukiandika kwamba mlinzi anaweza kufungua geti bila kibali, kesho mwizi atakuja na mtoto mgongoni anasema nyumba imeingia maji. Hoja ina uzito. Ila jibu ni kuweka masharti, na masharti mazuri tayari K alishayaonyesha bila kufundishwa: tahadhari iwe imetangazwa, kimlango kidogo tu, jina na kaya, ukumbi mmoja, mtu kwenye korido. Tulichukua alichofanya tukakiandika kuwa utaratibu.

La pili ni kufuli na zege. Kila kilichowekwa 2013 kuzuia watu wasiingie, 2024 kilizuia maji yasitoke, na kingeweza kuzuia watu wasitoke pia. Fikiria moto saa 5 asubuhi, watumishi sitini na wateja, moshi uko mbele, wote wanakimbilia geti la nyuma na kufuli lipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, njia ya kutokea wakati wa hatari haitakiwi kufungwa ikakosa wa kuifungua. Ofisi ilikaguliwa mitungi kila mwaka na hakuna aliyelitikisa lile geti. Anayeshika usalama na anayeshika dharura hapa ni mtu mmoja, na kazi hizi mbili zinavutana: moja inataka mlango ufungwe, nyingine inataka ufunguke. Kama hazijagombana kwenye karatasi mchana, zitagombana usiku mikononi mwa mlinzi.

Kuhusu tahadhari za Kenneth na Jobo, mimi sikubali kwamba zilikuwa za uongo. Kenneth ilipiga kweli, ilipiga ng'ambo ya mto Ruvuma. Tulishauri kila ikitoka tahadhari kitengo kijaze karatasi moja, nini kilifanyika na nini kilisahaulika, hata kama kimbunga hakikufika. Kama ingejazwa 2019, suala la masijala ya chini lingeonekana miaka mitano kabla.

Kingine ni kwamba ofisi ilijifanya kisiwa. Kamati za maafa zipo mkoani, wilayani, hadi kata na kijiji, Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imezitaja, lakini kitengo hakikuwa na namba ya mtu hata mmoja wa kamati ya wilaya wala ya mwenyekiti wa mtaa wa bondeni. Namba ya Zimamoto, 114, ilibandikwa ofisini kwa afisa, nyuma ya mlango uliofungwa.

Na walinzi. Naomba hili lisipite haraka. Tunawapa dhamana ya jengo la mabilioni tukiwa hatujawapa buti. Mkataba ulisema vifaa ni juu ya kampuni, kampuni ikasema dharura si sehemu ya mkataba, katikati yake K kavaa kandambili.

Kilichobadilika

Barua ya kukaimu sasa hutoka kabla afisa hajapanda basi. Funguo za akiba ziko kwenye kisanduku cha kioo ndani ya kibanda cha walinzi, na aliye mkubwa kwenye lindo anaruhusiwa kwa maandishi kuvunja kioo, kufungua geti na kupokea watu tahadhari ikiwepo, kisha aandike. Orodha ya namba imechapwa kwenye karatasi, nakala tatu. Mafaili yamepanda juu. Jenereta jipya limekaa mbele kwenye jukwaa la zege. Mkataba wa ulinzi ulipohuishwa ukaongezwa kipengele cha chakula, makoti, buti, redio mbili za upepo, na malipo ya masaa ya ziada. Mwenyekiti wa mtaa ana namba ya kibanda, na kibanda kina namba yake. Zoezi la kujiokoa limefanyika mara moja, watumishi walitoka kwa geti la nyuma, wengine wakisema hawakuwahi kujua kule kuna njia.

Matundu ya ukuta tulishauri yafunguliwe na kuwekwa nondo, maji yapite, mtu asipite. Tulivyorudi kukagua Oktoba, kabla ya vuli, matatu kati ya manne yalikuwa tayari. La nne lilikuwa nyuma ya kontena la stoo, kontena likisubiri kibali cha kuhamishwa, na K alikuwa ameshaliandika kwenye daftari la matukio mara tatu, tarehe tofauti, kila mara na saini ya aliyepokea taarifa.